Anzeni Cairns, malizieni Melbourne: kwa marafiki wanne wanaoiwaza pwani ya Australia

"Tuko marafiki wanne, watatu Dar es Salaam na mmoja Mombasa, umri wetu ni kati ya miaka 25 na 29. Tumedunduliza muda mrefu ili twende Australia kwa wiki nne kuanzia katikati ya Julai, kila mtu na begi lake mgongoni, tulale hosteli. Tumepanga kuanzia Perth, twende Adelaide, kisha Melbourne ambako anaishi binamu wa mmoja wetu, Sydney, Brisbane, halafu tupande na pwani hadi Cairns. Tumesoma kwamba pesa zikipungua tunaweza kufanya vibarua mashambani. Je, mpango huu unawezekana, utatugharimu kiasi gani, na tufanyeje tusije tukagombana njiani?"

Ndugu zangu, naanza na hilo la vibarua, maana linaweza kuharibu mengine yote. Hamtaruhusiwa kufanya kazi. Habari nyingi mnazosoma kuhusu kuzunguka Australia na begi mgongoni zimeandikwa na vijana wa Uingereza, Ujerumani, Japani au Korea Kusini, ambao nchi zao zina makubaliano na Australia ya viza ya likizo na kazi. Wao huchuma matunda miezi kadhaa, wakapata fedha, wakaendelea na matembezi. Tanzania na Kenya hazimo katika makubaliano hayo, wala nchi nyingine yoyote ya Afrika. Ninyi mtaomba viza ya mgeni, ile ya daraja la 600, na sharti lake mojawapo ni kutofanya kazi. Kuchuma nyanya katika mashamba ya mji wa Bowen kwa malipo ya mkononi ni kazi. Kusafisha vyumba vya hosteli ili upewe kitanda bure nako kunahesabiwa kuwa kazi, hata kama hujashika senti. Mkikamatwa, viza inaweza kufutwa na safari ikaishia hapo, na fomu nyingi za viza mtakazojaza baadaye zitawauliza kama mmewahi kufutiwa viza. Kwa hiyo hesabu za safari hii ziishie kwenye fedha mtakayokuwa nayo siku mnapanda ndege.

Viza yenyewe huombwa mtandaoni, kila mtu na maombi yake na ada yake, karibu dola 200 za Australia. Ofisa anayesoma maombi yenu anatafuta zaidi sababu ya ninyi kurudi nyumbani. Barua ya mwajiri inayotaja tarehe za likizo na tarehe ya kurudi kazini ina nguvu kubwa. Anayejiajiri apeleke leseni ya biashara na karatasi za kodi. Taarifa ya benki iwe ya miezi kadhaa, ionyeshe pesa ikiingia na kutoka kama maisha ya kawaida. Kukopa kwa ndugu na kumwaga mamilioni kwenye akaunti wiki moja kabla ya kuomba kunaonekana mara moja. Binamu wa Melbourne aandike barua ya mwaliko yenye anwani yake na nakala ya kibali chake cha ukaazi. Na msithubutu kuweka karatasi ya kughushi, hata barua ya kazi ya kirafiki: taarifa ya uongo inaweza kuwafungia mlango wa viza za Australia kwa miaka 3.

Ombeni kufikia Aprili. Msilipie tiketi zisizorudishwa mpaka wote wanne mmejibiwa. Na kaeni leo, kabla hata ya kujaza fomu, mkubaliane: mmoja akinyimwa, watatu wataondoka au wataahirisha? Nimeona makundi yakivunjika hapo, nyumbani kabisa, kabla mtu hajafunga begi.

Jambo dogo la afya: Kenya iko kwenye orodha ya nchi zenye homa ya manjano, kwa hiyo huyo wa Mombasa abebe cheti chake cha chanjo, na walio Dar nao wabebe kama watalala Nairobi hata usiku mmoja njiani.

Sasa njia. Mpango wenu una miji sita na zaidi ya nusu bara. Australia ni kama Tanzania nane zikiwekwa pamoja. Kutoka Perth hadi Sydney kwa barabara ni kilomita zinazokaribia 4,000, na sehemu kubwa katikati ni uwanda mkavu. Hata kipande cha Cairns hadi Sydney peke yake ni zaidi ya mara mbili ya Dar hadi Mwanza. Mkijaribu kugusa kila mji mtakaa wiki nne ndani ya mabasi na viwanja vya ndege, mkitazama bahari kupitia dirishani. Kateni Perth na Adelaide. Perth ni mji mzuri, na Bahari ya Hindi inayopiga fukwe zake ndiyo hii yetu, lakini unastahili safari yake.

Kilichobaki kigeuzeni. Wengi huanzia Sydney wakapanda kwenda kaskazini, na ninyi mmefuata mkumbo huohuo. Mimi nawashauri muanzie Cairns mshuke hadi Melbourne, kwa sababu mbili. Kwanza, vitu vya gharama viko kaskazini: boti za kwenda kwenye miamba ya matumbawe, mashua za visiwani, magari ya mchangani. Vitu vya bure viko mijini kusini. Kundi linaloanzia Sydney huchota mno kwenye mikahawa na maduka wiki ya kwanza, likifika Cairns linasimama gatini kuangalia boti za wenzao zikiondoka. Pili, Julai ni majira ya baridi kule, na Cairns wakati huo ni kukavu, mchana nyuzi joto 26 hivi, usiku 17. Mtapata mwili wa safari kwenye joto mnalolijua, kisha mtashuka taratibu kwenye baridi. Tena likizo za shule za majira hayo huwa zinaisha katikati ya Julai, na vitanda vinaanza kupatikana.

Tafuteni tiketi inayoingilia Brisbane na kutokea Melbourne. Mashirika ya ndege ya Ghuba yanafika miji yote miwili. Kutoka Brisbane chukueni ndege ya ndani hadi Cairns, saa mbili na dakika chache.

Mtakapotua, kabla ya kutoka uwanjani, mtajaza kadi inayouliza mmebeba nini. Tafadhali ichukulieni kwa uzito. Australia inalinda mashamba yake kuliko nchi nyingi, na mbwa wa kunusa wanazunguka kati ya mabegi. Dagaa, korosho, asali, nyama iliyokaushwa, mbegu, kikapu cha ukindu, kinyago cha zawadi kwa binamu, viatu vyenye udongo wa shamba: vyote andika ndiyo. Ukitangaza, mbaya zaidi ni kwamba ofisa atakitupa. Ukificha, faini ni ya maelfu ya dola, na viza inaweza kufutwa palepale. Matunda mliyopewa ndani ya ndege yaleni au yaacheni kwenye kiti.

Cairns nawapa siku tano. Siku moja ni ya miamba ya matumbawe, Great Barrier Reef, inayonyooka kilomita 2,300 hivi sambamba na pwani na imo kwenye urithi wa dunia tangu 1981. Boti za siku nzima hutoka gatini asubuhi kwa dola 250 hadi 300 kwa mtu, pamoja na chakula cha mchana, miwani na mrija wa kupumulia. Chagueni boti inayofika miamba ya nje, maana hii ya karibu imechoka zaidi. Joto la bahari limeyapausha matumbawe hayo mara kadhaa katika miaka ya karibuni, na hilo mtaliona kwa macho: mahali pamejaa rangi, hatua chache mbele pamefifia. Msikanyage wala kushika. Julai upepo wa kusini mashariki huvuma kwa nguvu, ndugu wa kusi letu, na bahari inachafuka. Mwenye tumbo jepesi ameze kidonge cha kichefuchefu kabla ya boti kuondoka. Kukimeza ukiwa umeshaanza kutapika hakusaidii.

Siku nyingine kodini gari dogo, mwende msitu wa Daintree na Cape Tribulation, kilomita kama 140. Hapa mna bahati kuliko Wazungu wa bara la Ulaya: mmezoea kuendesha kushoto. Beba leseni yako na kibali cha kimataifa cha kuendesha. Mnavuka mto Daintree kwa pantoni inayovutwa na kamba za chuma, na upande wa pili msitu unashuka mpaka kwenye mchanga wa bahari. Rudini kabla giza halijaingia, kwa sababu wanyama huvuka barabara jioni na alfajiri, na mikataba mingi ya kukodi gari hailipi ajali ya mnyama iliyotokea usiku.

Ufukweni kule mtaona vibao vya njano vyenye mdomo wa mamba. Sisi tumezoea mamba wa mtoni na ziwani. Wale ni mamba wa maji chumvi: wanaogelea baharini, wanaingia midomoni mwa mito, na wanapatikana kuanzia maeneo ya Gladstone kwenda kaskazini, mwaka mzima. Mtu wa Rufiji hahitaji kufundishwa umbali wa kukaa na mto, mfuateni yeye. Konyeza wenye sumu kali wanasumbua zaidi kati ya Novemba na Mei, kwa hiyo mtakuwa mmeepuka kipindi kibaya, lakini boti zikiwapa suti nyembamba za kufunika mwili, zivaeni. Chupa za siki mtakazoziona zimetundikwa kwenye nguzo ufukweni ni dawa ya kumwagia alipochomwa mtu. Mkitaka kuogelea mjini bila wasiwasi, Cairns wamejenga bwawa kubwa la maji chumvi pembezoni mwa bahari, bure, na kando yake kuna majiko ya umeme ya kuchomea nyama, nayo bure. Unabonyeza kitufe, bati linapata moto, unachoma, ukimaliza unalifuta kwa ajili ya anayefuata. Majiko haya yapo kwenye bustani nyingi za umma nchini kote, na kwa kundi la watu wanne yatawaokoa sana. Kilo ya mapaja ya kuku, limao, chumvi na pilipili, mmeshiba kwa bei ndogo kuliko sahani moja ya mkahawani.

Kutoka Cairns pandeni basi la Greyhound. Wanauza pasi ya siku kadhaa inayokuruhusu kupanda na kushuka unakotaka, na kwa njia yenu itakuwa nafuu kuliko kununua tiketi moja moja. Mtaulizwa kwa nini msikodi gari la kulala. Watu wanne kwenye gari moja kwa umbali ule, wawili wakilala juu ya mizigo, ni kutafuta ugomvi. Mafuta na ada ya kuliacha gari mji mwingine vinakula akiba yote. Na kulala ndani ya gari barabarani katika miji ya pwani kama Byron Bay kunaleta faini.

Kituo kinachofuata ni Airlie Beach, kilomita 620 kusini, basi la mchana kutwa. Hapo ndipo mlango wa visiwa vya Whitsunday, visiwa 74. Tafuteni mashua ya matanga ya siku mbili kulala baharini. Mtu aliyekulia Dar au Mombasa atajisikia nyumbani mara tanga likijaa upepo, na hapa ndipo naomba msibane matumizi. Mashua nyingi hupitia Whitehaven, ufukwe wa mchanga mweupe laini kama unga wa ngano, ambao haushiki joto hata saa saba mchana. Kabla ya kulipa, muulizeni nahodha au wakala saa ngapi mtakuwa Hill Inlet, hori ya hapo Whitehaven, na maji yatakuwaje wakati huo. Maji yakipwa, mchanga na bahari vinachorana michirizi ya buluu na nyeupe, na hiyo ndiyo picha mliyoiona mtandaoni. Maji yakijaa mtaona hori ya kawaida tu. Ninyi mnajua kupwa na kujaa, tumieni ujuzi huo, kwa sababu watalii wengi hawaulizi.

Baada ya hapo kuna basi la usiku, safari ya zaidi ya saa kumi, hadi Hervey Bay au Rainbow Beach. Mtaokoa malipo ya kitanda. Mtashuka karibu na K'gari, kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani kilichojengwa kwa mchanga, urefu wake kilomita 120 na ushei. Ramani za zamani zinakiita Fraser Island. Jina K'gari ni la wenyeji wake, Wabutchulla, na lilirudishwa rasmi mwaka 2023. Safari zinazowafaa ni zile za msafara wa magari ya 4x4, kiongozi akiwa gari la mbele na wageni wakipokezana usukani nyuma yake, ufukwe wenyewe ukiwa ndiyo barabara. Hapo mwenye leseni miongoni mwenu atapata neema yake. Ndani ya kisiwa kuna ziwa Boorangoora, linaloitwa pia McKenzie, maji yake ni ya mvua tupu, masafi mpaka unaona kucha zako umesimama hadi kifuani. Dingo, mbwa wa mwituni, wanapita karibu na watu. Msiwape chakula, msitembee peke yenu, na dingo akiwasogelea msikimbie: simameni wima, mrudi nyuma taratibu huku mnamtazama. Kuanzia Julai mwishoni Hervey Bay pia inaanza kupokea nyangumi wenye nundu, wengine wakiwa na ndama, na boti hukaa nao muda mrefu.

Brisbane siku mbili zinatosha. Tangu Agosti 2024 nauli ya mabasi, treni na boti za mtoni ni senti 50 tu kwa safari, kwa hiyo pandeni boti ya CityCat mwende nayo mwanzo hadi mwisho wa mto, ndiyo ziara bora ya mji. Fueni nguo.

Byron Bay, saa mbili na nusu hivi kwa basi, nawapa siku nne, na moja kati ya hizo iwe ya kila mtu na lwake. Baada ya wiki mbili kula pamoja, kulala pamoja na kusubiriana mlango wa bafu, hata ndugu wa damu huchokana. Anayetaka kujifunza kuteleza kwenye mawimbi ajiandikishe, anayetaka kulala alale, anayetaka kupanda hadi mnara wa taa wa 1901 atangulie alfajiri; Cape Byron ni ncha ya mashariki kuliko zote katika bara lile, na Julai nyangumi wanapita chini yake wakielekea kaskazini.

Byron ndipo nataka mnisikilize kuhusu bahari, kuliko mahali pengine popote. Pwani yetu imezungushiwa mwamba. Mawimbi ya Bahari ya Hindi yanavunjikia kule mbali, na sisi tunaoga kwenye maji yaliyotulia ndani yake, kisha tunajihesabu kuwa waogeleaji. Kusini mwa K'gari hakuna mwamba wa kuwakinga. Wimbi la Pasifiki linakuja na uzito wake wote hadi mchangani, maji hayo lazima yarudi, na yanarudi kwa mkondo mwembamba unaovuta kwenda kilindini kwa kasi isiyoshindika hata na muogeleaji hodari. Mikondo hiyo inaua watu wengi zaidi kuliko papa. Mahali penye mkondo mara nyingi panaonekana ndipo patulivu: hapana povu, maji ni meusi kidogo, mawimbi hayavunjiki. Mgeni anadhani hapo ndipo salama, anaingia hapohapo.

Walinzi wa ufukweni husimika bendera mbili za nyekundu na njano. Ogeleeni kati ya bendera hizo tu. Hakuna bendera, hakuna kuingia zaidi ya magoti, hata kama jua linawaka na wengine wako majini. Mkondo ukikushika usipambane nao kurudi nchi kavu. Lala chali, uelee, inua mkono juu, subiri. Ukiwa na nguvu sogea kando, sambamba na ufukwe, mpaka utoke kwenye mvuto wake. Kama mmoja wenu hajui kuogelea vizuri, aseme sasa, na wengine watatu msimtanie ufukweni. Namba ya dharura nchi nzima ni 000. Mtandao wa 3G ulizimwa mwaka 2024, kwa hiyo hakikisheni simu zenu zinaweza kupiga kwa 4G, la sivyo laini mtakayonunua haitafanya kazi.

Kutoka Byron hadi Sydney ni kama kilomita 770; chukueni ndege ya bei nafuu kutoka uwanja wa Gold Coast, saa moja na robo. Mizani ya kampuni hizo haina huruma: begi la mkononi ni kilo 7, na anayezidisha hulipishwa mlangoni bei inayoweza kukaribia nauli. Begi zima la safari lisizidi lita 50 na kilo 12. Nguo za siku tano, koti moja la baridi, kandambili za bafuni, kufuli ya kabati la hosteli, plagi ya kubadilishia, basi. Kila kitu kingine kinauzwa kule.

Ninyi ni wanne, na kuna hesabu ambayo msafiri wa peke yake haihitaji. Treni ya kutoka uwanja wa ndege wa Sydney ina ada ya ziada ya kituo, inafika karibu dola 20 kwa mtu. Wanne ni 80. Teksi ya watu wanne hadi katikati ya mji mara nyingi haifiki hapo. Vivyo hivyo hosteli: ulizeni chumba cha vitanda vinne, bei yake mara nyingi ni ileile ya vitanda vinne kwenye chumba cha watu kumi, na mtafunga mlango wenu.

Sydney ni mji wa kufaidi bila kulipa. Kwa kadi yenu ya benki, mkiigusisha getini, pandeni feri ya Manly kutoka Circular Quay jioni: nusu saa, mkipita mbele ya jumba la Opera House huku mkilitazama daraja la Harbour Bridge la 1932, kwa nauli ya kawaida ya mji. Nauli ina kikomo cha siku, na mwishoni mwa wiki kikomo kinashuka, kwa hiyo safari ndefu ziwekeni Jumamosi na Jumapili. Tembeeni kwa miguu Bondi hadi Coogee, kilomita 6 juu ya majabali. Mwenye kutafuta chakula cha halali aende mtaa wa Lakemba; atashindwa kuchagua.

Gharama. Kitanda cha hosteli ni dola 40 hadi 60 za Australia kwa usiku, chakula dola 25 kwa siku mkijipikia, na maji ya bomba ni salama. Ukijumlisha safari zote tatu za kaskazini, basi, ndege za ndani na dharura kidogo, kila mmoja awe na dola 4,500 za Australia, mbali na viza na tiketi ya kimataifa. Ni kama dola 3,000 za Marekani. Chini ya 3,800 nisingewaruhusu muondoke.

Kuhusu ugomvi: mara nyingi huanzia kwa mtu mmoja anayelipia wenzake "halafu tutahesabu". Wekeni mfuko wa pamoja. Kila Jumatatu kila mtu anaweka kiasi sawa kwenye kadi moja, na kutoka humo yanalipwa malazi, chakula cha jikoni na teksi za pamoja. Pombe, sigara, mikahawa na manunuzi ni mfuko wa mtu binafsi, bila mjadala. Mtunza mfuko abadilike kila wiki, na matumizi yaandikwe kwenye kundi lenu la WhatsApp siku hiyohiyo. Pia kila mmoja ataje sasa kitu kimoja ambacho asipokifanya atarudi nyumbani na kinyongo. Vitu hivyo vinne viingie kwenye ratiba kwanza, mengine yafuate. Na kama mmoja kati yenu ana uwezo mdogo, chagueni kiwango chake kwa mambo ya pamoja. Wenye nacho wataongeza kwa mifuko yao siku ile ya kila mtu na lwake.

Melbourne mtafika Agosti, mchana nyuzi 15, upepo wa kukata. Mtakuwa mmechoka, na nyumba ya binamu itakuwa na thamani kuliko hoteli. Mchukulieni zawadi kutoka njiani, mumsaidie jikoni, na msikae zaidi ya siku mlizomwambia. Tramu za katikati ya mji ni bure. Soko la Queen Victoria limekuwepo tangu 1878, nendeni asubuhi. Mtaa wa Footscray kuna migahawa ya Kihabeshi na maduka ya Waafrika. Mkiwa mmeukosa ugali kwa wiki tatu, unga mtaupata huko. Mkibakiwa na nguvu na fedha ya gari, Great Ocean Road iko karibu, kilomita 243 zilizochongwa na askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza, kati ya 1919 na 1932. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, maana jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni na nguzo za mawe za Twelve Apostles ziko karibu na mwisho wa barabara hiyo. Siku ya kurudi, kama binamu yuko kazini, basi la SkyBus hutoka kituo cha Southern Cross moja kwa moja hadi uwanja wa ndege wa Tullamarine. Ila kwa watu wanne na mabegi, ulizeni kwanza bei ya teksi.